Msitupe Vikwembe vya Mama Zetu

Ndugu wakaaji wa Lubumbashi, mlio Kenya na Katuba, Kamalondo na Ruashi, Kampemba na mjini kati, nina ombi moja kwenu, nalo linahusu sanduku. Nyumba nyingi za mji huu zina sanduku la mama au la nkambo, lenye vikwembe vilivyokunjwa vizuri na kutiwa naftalini. Vingine havijavaliwa hata mara moja. Viliwekwa kwa ajili ya harusi ya binti au kwa siku ya shida, maana mwanamke aliyeishi Zaire ya mwaka 1993 na 1994, bei zilipopanda kwa maelfu ya asilimia na noti zikakosa kazi, alijifunza kwamba kikwembe cha wax nzuri kinatunza pesa kuliko benki. Mama akifariki sanduku linafunguliwa, wanawake wa ukoo wanagawana, na kinachobaki kinakuwa pazia, au kitambaa cha kupangusia meza, au kinauzwa sokoni kwa bei ya kutupa. Ninaomba tusifanye haraka hivyo.

Ninaomba baadhi ya vikwembe hivyo vifike mikononi mwa wanawake wasanii wa mji wetu, wavifanye sanamu. Ndiyo, sanamu: umbo lililosimama, unaloweza kulizunguka, ila limeshonwa na halikuchongwa. Na ninaomba sisi tuliobaki tuwape nafasi, vifaa na masikio.

Najua wapo watakaouliza sanamu ya kitambaa inasimamaje. Kazi yenyewe haina uchawi. Mshonaji anaanza na mifupa ya waya: wavu wa kufugia kuku, au waya wa shaba uliotolewa ndani ya mota iliyoungua, kitu ambacho mji huu haujawahi kukikosa. Ndani anajaza sponji la godoro la zamani pamoja na vile vipande vinavyofagiliwa chini ya cherehani jioni kwa mafundi. Kisha anakata kikwembe, anakilaza juu ya umbo na kukishona kwa mkono, kwa kuwa cherehani haifiki kwenye kona ya bega na shingo. Akitaka vazi lisimame lenyewe, tupu, bila mtu ndani, anakichovya kitambaa katika uji wa wanga wa muhogo uliochujwa, anakivisha umbo, anakianika, na kikishakauka analitoa umbo kwa chini. Kinachobaki ni vazi lenye kifua, mgongo na mikono, na ndani hamna mtu. Ukiondoa waya, hakuna hatua hapo ambayo mama zetu hawaijui tangu utotoni.

Kwa nini wanawake, na kwa nini kitambaa? Kwa sababu katika Katanga picha ya mwanamke imetengenezwa kwa muda mrefu sana na watu wasiovaa kikwembe.

Tuanze mbali kidogo. Katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani kuna viti vya enzi vya Waluba vilivyobebwa kichwani na mwanamke wa mti, mwenye chale tumboni na nywele zilizosukwa kwa ustadi unaotisha. Mwanamke huyo hakuwekwa pale kwa urembo. Kwa Waluba, mfalme akifa roho yake ilikaa kwa mwanamke aliyeitwa mwadi, naye alitunza vifaa vya ufalme wake. Na chale za mwili zilikuwa kumbukumbu kwa mtu anayejua kuzisoma. Heshima kubwa hiyo. Lakini aliyeshika tezo alikuwa mwanaume. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake ya wachoraji hapa hapa, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, na majina yaliyotoka humo na kuvuka bahari ni Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga: wanaume. Miaka ya 1970 sebule za wafanyakazi zikajaa picha za mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, saa mkononi, anayempa mwanaume utajiri kwa masharti ya siri. Wachoraji wake, tena, wanaume. Sizidharau kazi hizo. Nyingine ni kati ya mali bora tulizo nazo. Ila katika zote mwanamke ni nguzo, au hatari, au bahati ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe angejionyesha vipi?

Kikwembe kinaweza kujibu, kwa sababu kimepita naye kila mahali. Na kikwembe si kitu kisicho na hatia, tusidanganyane. Wax ilibuniwa na Waholanzi waliokuwa wakiiga batiki ya Java. Kampuni ya Vlisco ya Helmond ipo tangu 1846. Wanawake wa masoko ya Afrika Magharibi ndio walioichukua nguo ya kigeni wakaipa majina, hata ikasema yale ambayo mdomo hauwezi kuyasema mbele ya mume au mke mwenza: mume wangu ana uwezo, ukitoka na mimi natoka. Majina mengine yakashuka mpaka kwetu. Mpaka leo ukipeleka mahari, familia ya binti inakupa orodha, na humo suti ya baba na kikwembe cha mama havikosi. Piisi moja ina yadi sita, inakatwa mara tatu: moja ya blauzi, moja ya kujifunga, moja ya juu, ile ya kumbebea mtoto au kujitandia msibani. Mwanamke anayejua kitambaa anageuza kwanza upande wa pili aone kama rangi imeingia sawasawa, kisha anasoma maandishi ya pembeni kabla ya kuuliza bei. Ni ukaguzi mkali kuliko wa forodha ya Kasumbalesa.

Lakini kuna vikwembe vilivyovaliwa kwa amri. Kampuni ya madini ya Union Minière ilipoamua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba mfanyakazi anatulia zaidi akiwa na mke kambini, mke huyo alipangiwa pia namna ya kuwa mke: masomo ya kushona, kupika, kufua na kulea, chini ya macho ya masista na wafanyakazi wa jamii. Alishona vizuri, na ujuzi ule ulilisha watu baadaye, lakini hakuna aliyemuuliza angependa kushona nini. Halafu akaja Rais Mobutu na siasa ya uhalisi. Mwanaume akavalishwa abacost, koti lisilo na tai. Mwanamke akakatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, na kikwembe kikawa sare ya uzalendo. Wanawake walicheza mbele ya wageni wa chama cha MPR wakiwa na uso wa Rais kifuani na mgongoni. Suruali ilipumua 1990, siasa ilipofunguliwa, ingawa yapo makanisa ambayo mpaka leo binti akiingia na suruali anaonyeshwa mlango. Basi vazi hilo hilo ambalo mmoja anajivunia, mwingine alilivaa kwa woga. Sanamu nzuri ya kitambaa inaweza kuyabeba yote mawili bila kuchagua, na hotuba haiwezi. Kama kwenu bado kuna kikwembe chenye sura ya Mobutu, tafadhali sana, msikifanye tambara la kupangusia gari.

Kisha Gécamines, kampuni ya madini iliyorithi Union Minière, ikaanguka. Hapa kila familia ina habari yake, nami nitasema kwa ufupi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Posho ikakoma, shule ya kampuni na hospitali ya kampuni zikawa za kulipia. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima, kilichotoka 2001, kuhusu watoto wa mkoa huu walioachwa na baba yao, yaani kampuni, na namna mamlaka ya baba wa nyumbani yalivyotikisika mshahara ulipokatika. Mke ambaye jana alisubiri mwisho wa mwezi akatoka asubuhi na beseni kichwani.

Mtazameni vizuri mama huyo sokoni, hata leo. Pesa yake ya mtaji ameifunga fundo kwenye pindo la kikwembe, akaliingiza kiunoni. Fundo hilo ndilo benki, ada ya shule na dawa ya malaria. Jioni analifungua kwa meno. Baada ya miaka, pindo la kikwembe hicho linakuwa jembamba mahali pale pale, rangi imekwisha, nyuzi zimelegea, na ukikitandaza juani unaona duara jeupe la ukubwa wa ngumi. Au chukueni kikwembe cha mama anayeosha mawe ya madini mtoni: kuanzia magotini kwenda chini kimegeuka kijani, na sabuni haikitoi. Mtaalamu wa historia angehitaji kurasa kumi kueleza mambo hayo. Msanii akikata kitambaa hicho kwa akili, akaacha fundo mahali pake na kijani mahali pake, mtazamaji ataelewa akiwa amesimama. Ndiyo maana ninasema vikwembe vilivyochakaa vina thamani hata kuliko vile vya naftalini. Ninyi mnaotaka kuchangia, msilete vile vizuri tu.

Kuna jambo jingine, na ni la kugusa kwa uangalifu. Wenzetu wengi wa mji huu asili yao ni Kasai. Huko, kwa Wakuba, wanaume hufuma kitambaa cha rafia na wanawake hukitarizi mpaka kiwe laini kama mahameli. Na kwenye mazishi, marehemu huvishwa vitambaa hivyo tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na wengi walilala wiki nyingi kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni, mizigo imewazunguka. Waliorudi wapo. Ambao hawakurudi wapo. Hatuna mnara wa jambo hilo, na sioni wanasiasa wetu wakikimbilia kuujenga. Lakini naliona furushi: kikwembe cha mama wa Katanga na rafia ya mama wa Kasai, vimefungwa pamoja, furushi kubwa la kumzidi mtu kimo, limewekwa katikati ya chumba bila maneno mengi. Wanawake wawili wakikaa chini kulishona pamoja, nusu ya kazi itakuwa ni yale watakayoambiana wakishona.

Mtasema haya ni mawazo ya mwandishi. Hapana, watu wameyafanya, tena karibu nasi. Afrika Kusini, Mary Sibande, mzaliwa wa 1982, alimtengeneza mwanamke aitwaye Sophie kwa mwili wake mwenyewe uliotolewa kalibu, akamvisha gauni la bluu la mfanyakazi wa nyumbani, ila akalipanua gauni hilo mpaka likawa la malkia. Wanawake wa ukoo wake walikuwa wafanyakazi wa ndani, na mwaka 2010 picha za Sophie zilisimama kwenye mabango makubwa katika barabara za Johannesburg, mahali panapotangazwa magari na bia. Uganda, Acaye Kerunen anakusanya kazi za mikono za wanawake wa vijijini, mikeka, vikapu, nyuzi za mgomba, rafia, magome ya mutuba, kisha anaziunganisha na kuzishona upya kuwa maumbo makubwa ya kuning'inia na kusimama. Mwaka 2022 yeye na Collin Sekajugo waliiwakilisha Uganda katika banda lake la kwanza kabisa kwenye Biennale ya Venice, na waamuzi wakalitaja banda hilo kwa heshima maalumu. Zamani zaidi, Mpolandi Magdalena Abakanowicz alifuma katani, ile ile inayojulikana sana Tanga, kuwa maumbo mazito ambayo watu walizoea kudhani yanawezekana kwa mawe tu.

Na hapa kwetu? Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alichukua vitambaa vya kale vya rafia vya Wakongo, akatoa nakala zake katika shaba, na mwaka 2017 zikaonyeshwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta 14. Nguo imegeuka madini. Sijui mji mwingine duniani ambao wazo hilo lingezaliwa kwa urahisi zaidi. Baloji na wenzake ndio walioanzisha shirika la sanaa la Picha na ile Biennale ya Lubumbashi ambayo tangu 2008 inaleta wasanii wa dunia kwenye mitaa yetu. Ya mwaka 2022 ilizungumzia sumu ya mji wa madini. Kuna kituo cha sanaa cha Waza. Kuna Makumbusho ya Taifa. Chuo Kikuu nacho, kupitia mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi ulioanza mwaka 2000 kwa ushirikiano na Bogumil Jewsiewicki, kilikusanya hadithi za wakaaji wa kawaida, na 2002 kikatokea kitabu kuhusu wanawake, mitindo na muziki wa mji huu. Nyumba imejengwa tayari. Kilichobaki ni kuingiza cherehani.

Pingamizi moja ninaliheshimu. Mtu ananiambia: watu hawana bukari, umeme unakatika, barabara ya Ruashi ina mashimo, na wewe unataka kitambaa kizima kikatwe kwa ajili ya mdoli mkubwa. Namwelewa. Lakini mji huu haukuwahi kungoja ushibe ndipo ukumbuke. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima miaka ya 1970 kwenye turubai za magunia ya unga, akiuza picha mlango kwa mlango, na leo wanahistoria wa dunia wanaijua Katanga kupitia mkono wake. Tena mambo yamebadilika kwa wanawake wetu, na hayajaandikwa mahali popote tunapoweza kuyaona. Mpaka mwaka 2016 Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria kama kufungua biashara. Marekebisho ya Julai mwaka huo yakaifuta ruhusa hiyo. Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akateuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu wa nchi hii. Wangapi kati ya wauzaji wa soko la Kenya wanajua kwamba sheria ile imekufa? Wangapi bado wanaambiwa nyumbani kwamba ipo? Karatasi ya ruhusa, imeshonwa ndani ya gauni, mhuri ukionekana kifuani: hiyo ingewafundisha watu sheria upesi kuliko semina ya hotelini.

Nina hofu moja nitakayoisema waziwazi. Wasanii, msitutengenezee mwanamke wa kulia tu. Wageni wanaoleta pesa za sanaa wakisikia Kongo wanatafuta majeraha, na msanii mwenye njaa anaweza kuwapa wanachotaka. Mama zetu wamelia, ndiyo, lakini pia wamecheka, wamedanganya maaskari wa barabarani, wamevaa sare moja ukumbi mzima na kuingia wakicheza mpaka bwana harusi akasahaulika. Hayo nayo yashonwe.

Sasa kila mmoja achukue sehemu yake. Mafundi wa kushona, wanaume kwa wanawake: vipande vyenu vya sakafuni msivichome; wekeni gunia pembeni, msanii atapita. Walimu wa shule za sanaa: ushonaji ukae darasa moja na udongo na mti, usiachwe kwa wasichana wa mafunzo ya nyumbani. Wakuu wa Makumbusho, wa Picha na wa Waza: fungueni chumba kimoja chenye meza ndefu na taa ya kutosha, na kiwe wazi Jumamosi alasiri, saa ambayo mama wa soko anaweza kufika, na mtoto wake akaribishwe. Na kazi ikiisha, kwenye kibao cha jina asiandikwe msanii peke yake. Kila aliyeshona aandikwe, na kila aliyeshona alipwe. Tumechoka na kazi za mikono ya wanawake zisizo na wenyewe.

Kwa wenye migodi sina haja ya kuomba sadaka. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inawataka watenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi yao. Fedha hizo zina kamati, na kamati zina wajumbe wa jamii. Dada zangu mlio kwenye kamati hizo, au mnaomjua aliye humo: mkishaomba kisima na zahanati, ombeni pia karakana moja ya kitambaa. Itagharimu kidogo kuliko gari moja la mkurugenzi.

Akina baba na akina kaka, kwenu ni rahisi zaidi. Binti akisema anataka kushona sanamu, msimwambie ashone nguo za watu kwanza. Na mama akianza kusimulia habari za sanduku lake, zimeni televisheni.

Nanyi mlio na masanduku, fanyeni hivi wiki hii. Toeni kikwembe kimoja. Muulizeni mwenyewe, au shangazi anayekumbuka, kilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa pesa ya nani, kilivaliwa siku gani, na kwa nini kimehifadhiwa. Yaandikeni majibu kwenye kipande cha kitambaa cheupe kwa kalamu isiyofutika, mkishone kwenye pindo, na pembeni yake jina kamili la mwanamke huyo, lile la kwao, si la mume. Mkitaka kukitoa, mpelekeeni msanii mnayemwamini. Mkitaka kukibakiza, kirudisheni sandukuni kikiwa na jina.